Nilipeleka Soda Ukweni Meru

Nilitoka Singida kwa sababu moja tu, kumposea Yohana mke. Yohana ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na kwa kuwa kaka hayupo, baba yake sasa ni mimi. Alinipigia simu akasema, "Baba mdogo, nimepata mtu. Ni Mmeru, kwao Nkoaranga. Wanataka wazee waje." Nikamjibu kwamba wazee ndio mimi, na kwamba naja.

Mnaonifahamu hapa nyumbani mnajua kwamba Baba Joyce wa duka la vifaa vya ujenzi hanywi. Sikukatazwa na daktari wala mchungaji. Nilionja bia mara moja nikiwa kijana, nikaitema palepale, na tangu siku hiyo harufu yake tu ilikuwa ikinichefua. Kwenye harusi huniwekea soda bila kuniuliza, na watu wasio na adabu huniita Mzee wa Soda. Jina lenyewe nilikuwa najivunia. Naandika safari hii kwa sababu mnaniuliza dukani kila siku ilikuwaje, na kila nikianza kusimulia kwa mdomo nachanganyikiwa palepale nilipochanganyikiwa safarini.

Alfajiri niliagana na mke wangu, Mama Joyce, nikamwachia funguo za duka. Nilipata kiti cha dirishani. Katesh tuliuona mlima Hanang umejifunika mawingu hadi kiunoni, Babati nikanywa chai, na baada ya Minjingu ikawa nyasi na ng'ombe tu hadi Makuyuni. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya posa kimoyomoyo. Tumepita tukaona ua zuri kwenye bustani yenu, na mambo ya namna hiyo. Jirani yangu kitini aliniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo, ili aniache.

Mchana, tulipopita Kisongo, mlima Meru ukajitokeza mbele yetu, mkubwa na karibu kuliko nilivyodhani. Yohana alinipokea mjini Arusha akanipeleka Sokon One, anakopanga. Amenenepa, nikamwona ana furaha, na mimi nikafurahi.

Nyuma ya nyumba yake kuna ua wenye kibanda cha bati, na ndani ya kibanda nikaona mapipa mawili marefu yanayong'aa, mabomba, ndoo zimepangwa, sakafu imesuguliwa safi. Nikadhani ni biashara ya maziwa. Akatoka binti mrefu amevaa mabuti ya mpira na aproni, akafuta mikono haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Neema? Hongera kwa usafi. Maziwa mnayatoa wapi?"

Neema akamtazama Yohana. Yohana akatazama mabuti ya Neema.

"Baba, hayo si maziwa," alisema Neema. "Ni bia. Naipika mwenyewe."

Nilimvuta Yohana pembeni. "Umeniita nitoke Singida nije kuposa kilabu?"

"Si kilabu, baba mdogo. Anapika kidogo kidogo, kwa mikono. Nyingine ya ndizi na ulezi, nyingine anatia kahawa. Anauzia mahoteli na migahawa ya Njiro. Wazungu wanaigombania."

"Na baba yake anajua?"

"Anajua, ila hajawahi kuonja hata tone. Anasema yeye alimsomesha uhasibu, hakumsomesha pombe. Alipoacha kazi ya ofisini hawakusalimiana mwaka mzima. Sasa wanasalimiana, lakini habari ya bia haitajwi pale nyumbani."

Jioni ile Neema aliniletea wali na nyama na soda baridi. Alikuwa ameshaambiwa. Alinihudumia vizuri mpaka nikakosa pa kushikilia hasira. Nilimpenda binti na sikuipenda kazi yake, na niliamini mambo hayo mawili yanaweza kukaa mbalimbali.

Siku iliyofuata nilikwenda Kwa Mrombo kununua vya kupeleka ukweni. Nilinunua blanketi, sukari, kanga, na makreti ya soda za kila rangi. Yohana alijikuna kichwa. "Baba mdogo, kule watataka pombe." Nikamwambia Mzee Mbise, baba yake Neema, ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hapelekewi pombe kwenye posa. Kwetu ndivyo ilivyo, na sikuona kwa nini Mungu wa Meru awe tofauti. Yohana hakubishana. Angebishana ningemsikia, lakini ni mtoto mwenye heshima mno.

Jumamosi asubuhi tuliingia barabara ya Moshi, tukapita Tengeru, tukaanza kupanda kwenye udongo mwekundu. Migomba kila upande, kahawa chini ya migomba, na maji yanapita kwenye mifereji hata pasipo mvua. Mimi natoka kwenye mawe na alizeti. Nilikuwa naona wivu, nasema kweli. Neema alikuwa ametangulia tangu jana yake ili awe nyumbani kwao, kama inavyopasa.

Nkoaranga tulipokewa kwa heshima. Mzee Mbise ni mtu mkavu, mrefu, anatazama mtu kama anampima suti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akasali, sala ndefu na nzuri, nikaona kweli nimefika kwa watu wa kanisa. Nikakohoa, nikaanza habari ya ua na bustani. Akainua mkono.

"Taratibu, bwana. Pombe iko wapi?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Mzee?"

"Pombe ya kuingilia. Hatuwezi kusikiliza neno lako mdomo wetu ukiwa mkavu."

"Tumeleta soda, mzee. Zipo nyingi. Zipo za machungwa."

Wazee waliokuwa ukumbini walitazamana. Mmoja aliuliza kwa upole kama kwetu tumekatazwa kulima nafaka ya pombe. Mimi hapo sikuelewa chochote. Mzee wa kanisa, ametoka kusali sasa hivi, Biblia iko mezani, anaulizia pombe. Niligeuka kumtafuta Yohana, na Yohana hayupo. Alikuwa amekimbilia kwenye gari. Akarudi na dumu, akanikabidhi na kata, bila kunitazama usoni.

"Aa, kumbe ipo," alisema Mzee Mbise, uso ukalegea. "Haya. Mleta pombe anatangulia kunywa."

"Mimi situmii, mzee."

"Hatukuulizi kama unatumia. Unayetuletea kitu unakinywa kwanza mbele yetu, tuone kina amani. Usipokunywa, umeleta nini?"

Yohana alikuwa anatokwa jasho. Nilimkumbuka kaka yangu, na sikuona njia nyingine. Nikaziba pumzi, nikanywa.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa kila siku, kwa hiyo nitakwenda polepole. Nilitegemea kichefuchefu, na hakikuja. Ilikuja ladha ya ndizi iliyoiva hadi ganda likawa jeusi, kisha kitu kama mkate uliotoka kwenye moto, kisha uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Ule uchungu nilitaka uishe. Ulipoisha nikautaka tena. Nikanywa tena ili nihakikishe. Sikuhakikisha vizuri, nikanywa tena, na nilipotazama, kata ilikuwa tupu na wazee walikuwa wanacheka wanajipigapiga magotini.

"Huyu hatumii!" mmoja alisema. "Angetumia ingekuwaje!"

Mzee Mbise naye alitabasamu. Kata ikajazwa, akaipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuinua akauliza, kama desturi yao inavyotaka, "Nani amepika, na katika nyumba ipi?"

Mtu mwenye akili angefikiri kwanza. Mimi akili yangu yote ilikuwa bado ulimini. "Amepika Neema," nikajibu. "Kule Sokon One. Mzee, anajua kazi!"

Mzee Mbise aliiweka kata chini bila kuigusisha mdomoni. Neema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Niliuona uso wake, na furaha yangu yote ikaisha.

"Yaani umekuja kuniomba binti," alisema Mzee Mbise, "ukaniletea kazi ya mikono ya binti huyohuyo. Wewe umeleta nini cha kwako?"

"Soda," nikasema. Sikuwa nafanya mzaha. Ndilo jibu lililokuwepo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alinieleza kama anavyoelezwa mtoto. Anayeposa hupika kwao, au hupikiwa na watu wa kwao, ili wenye binti wajue anakwenda kwenye nyumba yenye jiko na watu wenye subira. "Nenda ukapike. Wewe mwenyewe, maana ndiye baba. Nakupa wiki tatu. Ukirudi na cha dukani au cha mwanangu, habari hii imekwisha, na Yohana asipande tena huku."

Njiani kuteremka Yohana alisema neno moja tu, "Tumekwisha." Nilimwambia anyamaze aendeshe.

Sokon One, jioni, Neema aliporudi alikuwa amelia. Nilimwomba radhi. Akasema hanilaumu kwa jambo la pombe ya kuingilia, hiyo itapikwa. "Kinachoniuma, baba, mzee alikuwa ameshaishika. Bado kidogo tu angeonja."

Nikampigia simu Mama Joyce kumweleza kwamba atanishikia duka siku zaidi, kwa kuwa natakiwa kupika pombe. Akasema, "Nitakutumia uwele na asali kwa basi la kesho. Uwele uuloweke, uuoteshe kwenye gunia bichi, uuanike, uusage. Halafu nipigie."

"Wewe umejulia wapi?"

"Mama yangu alitulea kwa pombe, Baba Joyce. Ulidhani kwa kitu gani?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Niseme pombe kwa Mzee wa Soda?"

Wiki mbili za kwanza pale Sokon One nilivaa mabuti ya Yohana na kuwa mwanafunzi. Uwele wa Singida ulifika, nikauloweka, nikaukeshea mpaka ukatoa vimizizi vyeupe. Jua la Arusha lilikuwa la kubahatisha, nikawa nautoa na kuuingiza mara nyingi kama mgonjwa. Neema alinipa pembe moja ya kibanda na ndoo zake, lakini uwele wangu hakuugusa hata kwa kidole. "Nikigusa, baba yangu atajua," alisema. "Atakuuliza, na wewe huwezi kudanganya. Tumeshaona."

Kila jioni alinionjesha za kwake. Hilo nililiomba mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikisema ni kwa ajili ya masomo. Alikuwa na sheria moja. Hakuruhusu niseme nzuri au mbaya. "Sema inakukumbusha nini." Ile ya kahawa nilisema inanikumbusha shati la baba yangu akirudi kutoka kuchoma shamba, Yohana akacheka hadi akatoka nje, lakini Neema alitikisa kichwa kuafiki. Ile ya tangawizi ilinikumbusha ugonjwa. Ile ya ndizi, ya siku ile, kila nikiionja sikupata neno. Nilikaa nayo tu mkononi mpaka ikapata joto.

Nilikuwa nimevurugika, ndugu zangu. Jumapili nilikwenda kanisani, na katikati ya mahubiri nikajikuta nafikiria povu. Nilijiuliza kama nimekuwa mlevi, lakini sikuwa nalewa, glasi moja ilinitosha jioni nzima. Nilijiuliza kama nilikuwa mwongo miaka yote ile. Napo hapana, ile bia ya ujanani kweli ilinichefua. Nilibaki na upendo nisioujua uwekwe wapi, katika umri ambao mtu anatakiwa awe ameshajijua.

Upendo huohuo ndio ulionivunjia pombe ya kwanza. Ilikuwa imefunikwa, inachemka yenyewe taratibu, na mimi nilikuwa siwezi kupita bila kufunua ninuse. Nilinusa asubuhi, nikanusa nikitoka kula, nikanusa nikirudi chooni. Siku ya kuichuja ilikuwa siki. Neema alionja akafumba jicho moja.

"Inakukumbusha nini, baba?"

"Kachumbari."

Unga uliobaki ulikuwa kidogo, na wiki moja tu ilikuwa imebaki. Nilipika tena, ndoo moja tu, nikamwambia Neema afunge mlango wa kibanda akae na ufunguo. Nilizunguka nje ya mlango ule wiki nzima. Asali niliimimina wakati napika, kabla ya kufungiwa, kwa woga wa kukosa nafasi.

Jumamosi ya miadi tulipanda tena Nkoaranga, ndoo ipo miguuni kwangu nimeishika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshaionja usiku wa jana yake. Mara ya kwanza niliingia nyumba ile sijui pombe nzuri wala mbaya, na kutojua kule kulinisaidia. Safari hii nilijua. Ilikuwa nyepesi, kali mbele na tupu nyuma, na asali haikusikika popote. Nilijua kila kosa lilipo. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, na Yohana akiniuliza ikoje nilimwambia aangalie barabara.

Wazee walikuwa walewale. Sala ikasaliwa. Mzee Mbise akaitazama ndoo.

"Nani amepika, na katika nyumba ipi?"

"Nimepika mimi. Uwele na asali vimetoka nyumbani kwangu Singida, mke wangu ameniongoza kwa simu. Moto niliazima Sokon One."

Nikatangulia kunywa. Nikavuta pumzi, nikaamua kusema kabla hawajasema wao. "Mzee, ina amani, lakini si nzuri. Ya kwanza niliharibu kabisa. Hii ndiyo bora niliyoweza. Ya binti yako ni nzuri mara nyingi kuliko hii, na sitasema vinginevyo hata ukinifukuza."

Mzee Mbise akanywa. Uso ulikunjamana wote. Akampa jirani yake, naye akakunjamana, ikazunguka ukumbi mzima hivyo, kila mtu anakunywa na kila mtu anateseka, na hakuna aliyeirudisha. Waliimaliza ndoo. Mpaka leo sijawahi kuona heshima ya namna ile.

"Ni mbaya kweli," alisema Mzee Mbise. "Lakini ni ya kwako. Tumeiona nyumba yako." Kisha akanikazia macho. "Hii ya binti yangu umeijuaje kiasi hicho, wewe mtu wa soda?"

"Naionja kila jioni, mzee."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Na sijapata neno lake bado."

Nje kuku walikuwa wanagombana kwenye majani ya migomba. Mzee akaita, bila kugeuka, "Neema."

"Abee baba."

"Lete hiyo kitu yako."

Alikuwa nayo. Sijui aliileta kwa matumaini gani, lakini alikuwa nayo jikoni. Akaja na kata imejaa, akapiga magoti mbele ya baba yake, akainyoosha. Mzee hakupokea.

"Hujui desturi? Mleta anatangulia."

Neema akanywa mbele yake. Akampa. Mzee Mbise akaangalia ndani ya kata kwa muda, akanywa, akatua kidogo, akanywa tena. Hakusifu. Hakusema neno lolote kuhusu pombe ile, siku ile wala baadaye. Alinigeukia akasema, "Haya, bwana. Tuambie habari ya hilo ua."

Nikasema maneno yangu yote, ua na bustani na kila kitu, na hakuna aliyenikatiza. Tukazungumza mahari mpaka jua likaegemea. Ile kata ilitakiwa izunguke kwa wazee, na wazee walikuwa wanaitazama. Haikuzunguka. Mzee Mbise aliishikilia mwenyewe magotini mpaka mwisho wa kikao, na Neema, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti, alikuwa anaiangalia mikono ya baba yake tu.

Wakati wa kuagana Mzee alitoa sharti la mwisho. Siku ya harusi, baada ya mavuno, pombe ya upande wetu ipikwe na mimi. "Na iwe nzuri," alisema. "Wageni watakuwa wengi."

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Sikufanya mazoezi ya maneno yoyote. Nilikuwa na chupa mbili kwenye mkoba, moja ya kwangu na moja ya Neema.

Singida, kabla sijavua viatu, Mama Joyce aliuliza kama wamekubali. Nikamwambia wamekubali, nikamweleza sharti. Akadai chupa ya kwangu. Akaonja, akakaa nayo mdomoni, akatema nje ya dirisha.

"Asali umetia mapema."

"Niliogopa."

Kisha akaonja ya Neema. Hiyo hakuitema. Alikaa kitako kwenye kochi, akanywa polepole mpaka ikaisha, hata hakunibakishia. "Huyu mtoto aje upesi," alisema, akaenda kutafuta gunia.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kuotesha uwele. Nimejifunza kwamba baba anaweza kumsamehe mtoto wake bila kufungua mdomo ila kwa kunywa. Mengine bado yamenichanganya. Nampenda binti yule kama nimemzaa, naipenda pombe yake, naona aibu kidogo nikipita mbele ya kanisa, na mke niliyeishi naye miaka yote hii amegeuka kuwa mwalimu wangu. Soda mkiniwekea nitakunywa, msihangaike. Lakini msinitafute dukani jioni hizi. Tuko nyuma ya nyumba, mimi na Mama Joyce, tunapika, na amenikataza kufunua.